Kumbikumbi Hawajatoka

Kabiria,
16 Februari

Kwako Baba,

Mwalimu Nthiwa anasema barua huanza kwa salamu, kwa hivyo nakusalimu. Salamu zimeisha. Unarudi lini?

Mama anasema uliitwa kazi Kilifi ghafla, ukaondokea huko huko kwa mjengo bila kupitia nyumbani, halafu simu yako ikaanguka kwenye zege. Nilimwuliza kwa nini hukuitoa haraka, akasema nikuulize wewe. Basi nakuuliza. Pia nilimwuliza Kilifi iko upande gani. Akanyoosha mkono kule Ngong, halafu akaurudisha akaunyoosha kule mjini. Nguo zako zote ziko hapa kwenye msumari. Unavaa nini huko?

Siku hizi Mama akimaliza kufua nguo za watu Kileleshwa hafiki nyumbani hadi saa mbili usiku. Anasema anapitia ofisi ya mabasi kuangalia kama umetuma barua. Nitakuandikia barua nene ili asiwe anaenda bure.

Mwalimu ametupa kazi. Kila mtu atafute dalili kumi kwamba masika yanakuja, aandike tarehe na mahali. Amesema hataki za kwa simu, anataka za macho, masikio na pua. Mimi niko na sifuri. Shiku ako na tatu, lakini moja ni kwamba mama yake amenunua mwavuli, na Mwalimu amemwambia mwavuli si kiumbe.

Mimi naitaka ile ya kumi tu. Unakumbuka mwaka jana kule kwa kichuguu cha nyuma ya kanisa, tulipofunika kwa blanketi na kupiga madebe mpaka kumbikumbi wakajaa kopo? Ulisema, "Kila mwaka wakitoka tutakuwa hapa wawili, hata nikiwa wapi nitakuja." Mimi sikukulazimisha. Ulisema mwenyewe, mdomo ukiwa umejaa.

Siwezi kukaa. Mama anasema nina siafu kwenye suruali.

Mimi bintiyo,
Namalwa


Kilifi,
20 Februari

Kwa binti yangu mpenzi Namalwa,

Ama baada ya salamu nyingi zisizo na idadi, napenda kukuarifu kwamba mimi baba yako ni buheri wa afya, na hofu yangu ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu.

Usishangae maneno haya. Mkono wangu wa kulia una shughuli nyingi, kwa hivyo anayeniandikia ni rafiki yangu Ustadh Amin, mwalimu wa chuo na mwenyeji wa Kilifi hasa. Mimi nasema, yeye anapamba. Nimemwambia apunguze, amekataa.

Simu iliteleza mfukoni nikiwa juu ya jukwaa. Niliifuata. Kwa kweli nilishuka haraka kuliko nilivyokusudia, lakini niliikuta imeshakuwa sehemu ya nyumba ya mtu. Kuhusu nguo, usijali. Huku tumepewa vazi jepesi la kazi, halina hata kifungo, linafungwa nyuma kwa kamba. Ungeniona ungecheka hadi ushike ukuta.

Sasa sikia. Dalili haziji kwa mtu anayerukaruka. Inama chini kwanza. Tafuta siafu wakihama, wamebeba mayai, wanapanda mlima badala ya kushuka. Kisha inua kichwa. Kuna ule mti wa miiba kando ya kanisa, ule tunaouita murembe kwetu Kimilili. Unatoa maua mekundu kabla haujavaa jani hata moja. Mama yangu akiyaona alikuwa anaanza kunoa jembe. Halafu alfajiri, kabla mama hajawasha jiko, sikiliza ndege mmoja anayeita mara tatu, ananyamaza, anaita tena. Hutamwona. Mimi nina miaka arobaini na moja na sijawahi kumwona, lakini hajawahi kunidanganya.

Kumbikumbi ni wa mwisho. Hao hawana haraka, wanangoja mvua ishibishe udongo. Nawe ungoje. Ahadi ni deni, na mimi sijaisahau.

Usimsumbue mama. Akichelewa, weka maji motoni.

Baba yako,
Sifuna
na mwandishi wake, Amin


Kabiria,
27 Februari

Baba,

Nimeinama chini kama ulivyosema na nimeumwa mara nne, lakini nimepata. Siafu wanavuka njia ya choo, wamebeba mayai meupe, wanapanda kuelekea kwa mwenye ploti. Murembe umewaka wote. Shiku alidhani umeungua. Ndege wako aliita Jumanne kukiwa na giza. Anaita kama mtu anayeitana na mtu asiyejibu. Nilimjibu, Mama akanirushia kandambili.

Mbayuwayu wamejipanga kwenye waya za stima hadi waya zimelegea. Ndege mnana wanajenga kwenye mgunga wa mtoni, na mmoja ameiba uzi kwenye kamba yetu ya nguo. Jioni mawingu yanakuja juu ya vilima vya Ngong, yanasimama, halafu yanaghairi. Upepo wa Jumamosi ulitoka upande wa mtaa wa Jamhuri ukiwa na harufu ya udongo uliolowa, na hapa hakuna hata tone. Kinyonga ameonekana kwa ua. Goti la Mama linauma. Nilidhani Mwalimu atalikataa, lakini amesema Mama ni kiumbe.

Hizo ni tisa. Nimezipata kwa siku saba. Shiku ako na nne.

Imebaki moja. Kila siku nikitoka shule naenda kwa kichuguu naweka sikio. Kuna sauti ndani, Baba. Wako tayari. Nadhani hawajui tu kwamba ni wakati. Mtu akiwaambia wanaweza kutoka, si ndiyo? Madebe yetu yale yako wapi? Usijibu, nimeyaona chini ya kitanda.

Mwambie Ustadh kwamba niliandika "buheri wa afya" kwenye insha nikapata alama tisa juu ya kumi.

Namalwa


Kabiria,
5 Machi

BABA WAMETOKA!

Leo saa tisa alasiri, kichuguu cha nyuma ya kanisa. Wana mabawa, nimewaona na macho yangu na Shiku ni shahidi. Dalili ya kumi. Tarehe iko hapo juu.

Ulisema hata ukiwa wapi. Nimeuliza, basi la kutoka Kilifi jioni linafika Nairobi asubuhi. Mwambie mwenye mjengo kwamba kumbikumbi wametoka, kama ni mtu wa kwetu ataelewa. Jumamosi siendi popote. Nitakaa kwenye jiwe la mlango wa ploti tangu asubuhi na sitatoka hapo mpaka nikuone.

Usilale ukapitwa na basi.

Namalwa


Kilifi,
7 Machi

Namalwa,

Toka kwenye jiwe. Sitaweza kufika Jumamosi. Kazi ya huku imegoma kidogo, na mwenye mjengo ni mtu mgumu.

Umenifurahisha na umenitia wasiwasi. Kumbikumbi bila tone la mvua? Mimi sisemi kitu. Nauliza tu, mitungi ya maji ya mama iko mingapi?

Ahadi iko pale pale. Usilie. Ukilia, lia kidogo halafu ule.

Baba


7 Machi

Kwa Bi. Millicent, mama Namalwa,

Salamu kwako. Samahani kwa kuiweka barua hii katika bahasha ya mtoto. Leo hukuweza kufika saa ya kuona wagonjwa, kwa hivyo bahasha nimempa Everlyn, anayesafisha wodi yetu na ambaye ni jirani yenu hapo ploti. Nimemsihi aitie mkononi mwako. Itoe karatasi hii kabla hujampa Namalwa yake.

Nilipomsomea mumeo barua ya mtoto jana jioni, alicheka mpaka akatokwa na machozi. Nami nilikuwa na nyonga yangu hii iliyovunjwa na mkokoteni, siwezi kugeuka upesi. Kugeuka, namwona ameshafungua kwa mkono wa kushoto kamba ya yale mawe yanayouvuta mguu wake. Namwuliza, "Sifuna, waenda wapi?" Akasema, "Kabiria. Hata nusu saa haifiki na boda." Alishusha mguu, akaanguka baina ya vitanda viwili. Bado masikio yangu yanaisikia sauti ile.

Mfupa uliokuwa umeanza kukaa umehama. Upasuaji wa kutia chuma, aliokuwa ameahidiwa Jumatatu, umeahirishwa hadi uvimbe upungue. Daktari amesema wazi, mbele yangu: akirudia kushuka kabla ya wakati, mguu huo hautaungika, utakatwa.

Bibi, mimi ndiye niliyemwazima Kilifi yangu ili mtoto asijue baba yake yuko hapa hapa Nairobi na asihangaike. Nilidhani natenda wema. Sasa naona uongo wetu umemfanya mtoto aite kwa nguvu zaidi, kwa kuwa anadhani anayeitwa anaweza kuja. Tafuta namna ya kumtuliza. Mumeo hawezi kuletewa tena barua kama ile.

Ndugu yenu,
Amin


Kabiria,
9 Machi

Baba,

Anti Everlyn alileta bahasha jana, na Mama alikuwa hajarudi. Alisema nisifungue. Sikufungua, ilifunguka. Ndani kulikuwa na barua yako peke yake. Hakukuwa na karatasi ya pili, na haikuwa imekunjwa mara nne.

Nimetoka kwenye jiwe.

Baba, nataka kusema ukweli. Wale kumbikumbi hawahesabiki. Mimi na Shiku tulimwaga maji kwenye kichuguu, mitungi miwili ya Mama, halafu tukapiga madebe kama wewe ili wadhani ni mvua. Shiku alisema, "Zii, hao wamelala, twende home." Nikamwambia apige tu. Tulipiga mpaka mikono ikatoka malengelenge. Wakatoka kumi na saba, wakasimama hapo kwenye jua hawajui waende wapi, kunguru wakawala. Mama alipofika akauliza, "Namalwa, maji yangu imeenda wapi?" Nikasema imekauka.

Niliwadanganya watoke kabla ya wakati, na nimeona walichopata. Nilidhani nikiwatoa utakuja. Sikujua kitu. Sitawaita tena.

Kwa hivyo futa ile barua. Masika hayajafika Kabiria. Hayako hata karibu. Ahadi yako haijafika wakati wake, hata mwanasheria anaweza kukuambia hivyo. Fanya kazi yako huko Kilifi vizuri, umsikize mwenye mjengo, akikwambia usishuke usishuke.

Narudia. Usishuke.

Namalwa


Kabiria,
23 Machi

Baba,

Habari ya Kilifi? Huku ni kiangazi tu.

Kumekauka sana. Vyura wa mtoni wamenyamaza kabisa, wamenyamaza usiku kucha hadi nikashindwa kulala. Mto haujajaa, na kwa sababu haujajaa tulizungukia daraja la juu kwenda shule siku tatu. Nimevaa gambuti za Shiku kwa ajili ya vumbi. Mama amepanga sufuria nne sakafuni, moja karibu na kitanda, kwa ajili ya hilo hilo vumbi linaloingia kwenye tundu la mabati.

Murembe ulikuwa umekosea, maua yameanguka. Majani yaliyotoka sasa ni kijani kidogo tu, usiyahesabu. Ndege wako amekoma kuita. Nadhani huita mvua ikiwa mbali, na ikifika anapumzika, lakini huku amekoma kwa sababu zingine. Nyasi za uwanja wa shule zimenifika magotini, zimekauka.

Siku ya kutoa kazi ya dalili kumi, Mwalimu Nthiwa alizunguka na karatasi zote. Yangu nilikuwa nimefuta zote tisa na raba mpaka ikatoboka. Akasema, "Namalwa, wewe ndiye ulikuwa mbele ya wote." Nikamwambia sikuona dalili yoyote mwaka huu. Tulikuwa tunapiga kelele ili tusikiane juu ya mabati. Alinitazama, akatazama dirisha, akaniambia nikae. Nimepata sifuri na sijali.

Kumbikumbi hawajatoka. Nikiwaona nitakwambia, lakini sidhani. Inaweza kufika hata Agosti. Hakuna mtu anakungojea, Baba. Yaani tunakungoja, lakini tumeketi.

Mwambie Ustadh apone nyonga. Sijui nimejuaje.

Namalwa


Wodi ya mifupa, Nairobi,
29 Machi

Namalwa mwanangu,

Huu ni mwandiko wangu mwenyewe. Plasta ya mkono imetolewa juzi na vidole bado vimekakamaa, kwa hivyo soma polepole. Ustadh yuko hapa kando anasahihisha kwa macho.

Siko Kilifi. Sijawahi kufika Kilifi maishani mwangu. Nilianguka kutoka orofa ya tatu kwenye mjengo wa Kileleshwa, nikavunjika mguu na mkono. Nilimwomba mama yako asikwambie. Niliogopa utakuja kusimama kwenye lango la hospitali kila siku, na watoto hawaruhusiwi wodini. Na niliona aibu. Mimi ndiye ninayekukataza kupanda ukuta wa kanisa. Nimekukosea, na nakuomba msamaha.

Barua yako ya tarehe ishirini na tatu ilinifikia imelowa chapachapa, kwa sababu mama alinyeshewa kutoka Kileleshwa hadi hapa. Wino wote ulikuwa umekimbia. Neno lililobaki zima ni "kiangazi". Nililisoma huku mvua ikipiga dirisha langu kiasi cha muuguzi kuja kusogeza kitanda. Mvua hiyo hiyo yenu, binti yangu. Wingu likitoka Ngong linafika kwenu kwanza, halafu linanifikia mimi, na kila likija nilikuwa najua wewe umeshalowa.

Sehemu zilizofutika mama alinisimulia, maana aliisoma mezani kabla hujaifunga. Ile karatasi ambayo haikuwepo aliikuta chini ya mto wake, imekunjwa mara nne.

Nilikuwa siwezi kutulia humu. Usiku na mchana nilikuwa nahesabu mabati ya paa la jikoni, nafungua kamba kichwani mwangu, nashuka, nafika Kabiria. Ulipoandika kwamba mmeketi, nililala usingizi wa kwanza tangu nianguke. Ustadh anasema nilikoroma hadi akasoma dua.

Wamenipasua Jumatano. Chuma kiko ndani, mguu ni wangu bado, wote. Nitatoka kwa magongo baada ya Pasaka. Nitachechemea, na daktari anasema sitapanda jukwaa tena. Kazi ya chini nitatafuta. Hilo tutalizungumza nikiwa nyumbani, wewe ukiwa umeketi pia.

Mwambie Mwalimu Nthiwa kwamba baba yako ameziona zile dalili tisa, na yuko tayari kutia sahihi.

Jambo moja. Jana jioni mvua ilipokatika, kumbikumbi mmoja aliingia dirishani akazunguka taa. Akaangusha mabawa yake juu ya shuka langu, yote manne, akaenda zake kwa miguu. Najua kwenu hawajatoka. Lakini ukikuta hao ambao hawajatoka, niwekee kikombe kimoja.

Baba yako,
Sifuna


Kabiria,
31 Machi

Baba,

Hawajatoka. Jana jioni hawakutoka wengi sana hadi wakafunika taa ya kanisa na watu wote wa ploti wakaleta beseni. Mimi sikupiga debe hata mara moja. Walijua wenyewe.

Mama amewakaanga hao ambao hawajatoka, na chumvi kidogo. Wamejaa kopo la mafuta mpaka kifuniko kikakataa. Sijaonja. Nimeonja watatu.

Kopo Mama atakuletea kesho na barua hii. Mpe Ustadh, kama wa kwao Kilifi wanakula.

Madebe yetu nimeyarudisha chini ya kitanda, ya mwaka ujao.

Njoo polepole.

Namalwa